Bia ya nyumbani Malindi: kwa nini ilinuka, kwa nini chupa zilipasuka

Swali, kwa ufupi: Msomaji wa Muyeye, Malindi, alinunua kopo la sharubati ya kimea la kilo 1.7, akaongeza kilo moja ya sukari, akajaza maji hadi lita 20 na kufuata karatasi ya maelezo neno kwa neno. Bia ya kwanza, ya Februari, ilitoka na harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ya pili aliitia kwenye chupa siku ya tano, na katika kila chupa ya nusu lita akaweka kijiko cha chai cha sukari "kilichojaa vizuri". Wiki haikuisha, chupa nne zikapasuka usiku. Tisa bado ziko chini ya kitanda. Anauliza alikosea wapi, aanzeje upya, kama mnazi unaweza kushika nafasi ya hamira, na kama inawezekana kupata bia ya aina ya Tusker nyumbani.

Jibu

Tuanze na zile chupa tisa, maana haziwezi kungoja mwisho wa jibu. Usizitoe mchana. Subiri alfajiri chumba kikiwa kimepoa, vaa miwani, glavu na shati zito la mikono mirefu, kisha uzifunike kwa gunia au blanketi lililoloweshwa maji baridi kabla hujazigusa. Zihamishe moja moja ndani ya ndoo yenye kifuniko hadi kwenye friji au sanduku la barafu. Zikishinda na kulala kwenye baridi, gesi nyingi itakuwa imerudi ndani ya bia na presha itakuwa imeshuka. Hapo uzifungulie kwenye sinki, kila moja imeviringishwa taulo nene, kizibo ukikiinua kidogo kidogo. Watoto wasiwepo. Chupa ya bia ikipasuka kwa presha, vipande vyake huruka hadi ukuta wa pili.

La sheria nalo tulimalize mapema. Kenya ina Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, na tangu ugatuzi uanze leseni za vileo ziko mikononi mwa kaunti. Kwako wewe ni Kaunti ya Kilifi. Anayetengeneza na kuuza bila leseni amejitafutia kesi. Hata kwa kiasi cha kunywa mwenyewe, pita kwenye ofisi ya leseni uulize kabla ya kutumia pesa zaidi, na usiuze hata chupa moja. Usijaribu pia kuikeneka, yaani kuichemsha na kukusanya mvuke wake uwe pombe kali. Bia ya kimea iliyochachuka tu haina methanoli, kileo chenye sumu, ya kiasi cha kumdhuru mtu. Vifo kama vile vya Mei 2014 hapa Kenya vilitokana na pombe iliyotiwa methanoli.

Sasa makosa yenyewe. Yanaonekana mawili, lakini yametoka mahali pamoja: karatasi ile iliandikwa kwa mtu anayeishi kwenye baridi, nawe ukaifuata Malindi mwezi wa Februari.

Harufu ya rangi ya kucha

Hamira ya kawaida ya bia hufanya kazi yake vizuri kati ya digrii 18 na 22 hivi. Ikizidi hapo hula sukari kwa pupa, na katika pupa hiyo hutoa vileo vizito na esta, kemikali zenye harufu kali. Esta moja, asetati ya ethili, ndiyo hasa unayoisikia kwenye dawa ya kufutia rangi ya kucha. Vileo vizito ndivyo vinavyochoma koo na kukuachia kichwa kizito kesho yake. Vikishaingia kwenye bia havitoki, hata uiache miezi mitatu.

Wakati wa kaskazi, nyumba ya Malindi yenye paa la bati hufika digrii 30 au 31 kwa urahisi. Na bia inayochachuka hutoa joto lake yenyewe: ndani ya ndoo ni digrii 3 hadi 5 zaidi ya chumba, hasa siku mbili za mwanzo. Kwa hiyo hamira yako ilikuwa kwenye digrii 34 au 35. Hapakuwa na namna bia ile ingetoka salama. Sukari uliyoongeza haikusababisha harufu, ilichofanya ni kuifanya bia iwe nyepesi mdomoni.

Utasoma kwingi kwamba dawa ni kuifunika ndoo kwa nguo mbichi na kuelekeza feni. Ushauri huo ni wa sehemu kavu. Nguo mbichi hupoza kwa sababu maji yanakauka, na hewa ya pwani imekwisha kujaa unyevu, maji hayakauki haraka. Utapata digrii 2, labda 3 upepo ukiwa mzuri. Haitoshi.

Kinachofanya kazi ni maji na barafu. Iweke ndoo ya bia ndani ya karai au beseni kubwa, jaza maji hadi yafike usawa wa bia, kisha utumbukize chupa za plastiki za lita moja na nusu zilizogandishwa kwenye friza. Hesabu yake ni hii: lita 10 za bia pamoja na lita 15 za maji ya beseni ni lita 25, na chupa moja ya barafu ya lita 1.5 ikiyeyuka yote inaziteremsha kwa digrii 4 au zaidi kidogo, kabla joto la chumba halijaanza kurudi. Chupa mbili asubuhi, mbili jioni, na nne nyingine zikiganda zamu yao. Stima zikipotea usiku, wingi huo wa maji unakusaidia kwa sababu haupati joto ghafla.

Lakini kwa anayeanza ningechagua njia nyingine: usishindane na joto, tafuta hamira inayolipenda. Kuna hamira za mashambani za Norwei ziitwazo kveik. Wenyeji wa huko walizoea kuzitia maji ya kimea yakiwa bado na joto kali, na zimebaki na tabia hiyo. Aina ya Voss, inayouzwa ikiwa kavu kwenye pakiti ndogo, huchachua bila harufu mbaya hata kwenye digrii 35 na zaidi, na huacha ladha ya mbali ya chungwa. Hapo joto la Malindi linageuka kuwa msaada. Unachotakiwa ni kulizuia lisipande na kushuka ovyo, basi. Beseni la maji bila barafu linatosha.

Kama utakachopata ni hamira ya kawaida tu, ngoja kusi. Julai na Agosti usiku hushuka hadi digrii 22 au 23, na kwa barafu kidogo utafika unapotaka. Hamira ya mkate itakupa kileo, lakini haitulii chini, bia hubaki na vumbi, na mara nyingi huacha ladha ya karafuu ambayo hukuitia.

Chupa zilizopasuka

Hapa kuna mambo matatu yaliyokutana. La kwanza, uliitia bia kwenye chupa kabla haijamaliza kuchachuka. Siku ya tano ni tarehe tu, haisemi chochote kuhusu sukari iliyobaki. Kifaa kinachosema ni haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea na kukuonyesha uzito wa maji yenye sukari ukilinganisha na maji matupu, ambayo husoma 1.000. Bia yako ilianza kama 1.045 na ingepaswa kuishia 1.010 au 1.012. Kama ulifunga chupa ikiwa bado 1.018, kulibaki nukta sita (kila 0.001 ni nukta moja) za sukari ya kuliwa ndani ya chupa, na kila nukta mbili huzaa takriban ujazo mmoja mzima wa gesi, yaani lita moja ya gesi kwa kila lita ya bia. Bia ya dukani ina ujazo 2.5 hivi. Umeshaizidi kabla hujatia kijiko.

La pili ni kijiko chenyewe. Kijiko cha chai kilichopigwa usawa hubeba gramu 4 za sukari. Kilichojaa vizuri hufika 6 au 7. Chupa ya nusu lita inahitaji gramu 3.

La tatu ni joto tena. Chupa ileile, yenye gesi ileile, ina presha kubwa zaidi kwenye digrii 30 kuliko kwenye digrii 20, karibu mara moja na nusu, kwa sababu maji ya moto hayashiki gesi. Chupa ambayo ingevumilia chini ya ngazi ya nyumba ya Uingereza inapasuka chini ya kitanda Muyeye.

Kwa hiyo nunua haidromita na mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja kabla ya kununua kopo jingine. Haidromita nyingi zimepimwa kwa digrii 20. Ukisoma bia iliyo na digrii 30, ongeza 0.002 kwenye jibu. Usirudishe bia ya kupimia ndani ya ndoo. Ionje, utajifunza mengi.

Kuanza upya, lita 10

Lita 10 na si 20. Sufuria ya lita 15 unayo au utaazima, jiko la gesi la kawaida litaiweza, itapoa haraka, na ikiharibika hujapoteza nyingi.

Tafuta sharubati ya kimea cha shayiri isiyotiwa hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu yake), kilo 1.5. Makopo kama lile lako yana uchungu wa hopsi tayari, uliopimwa kwa lita 20 au zaidi, na ukilitumia lote kwenye lita 10 bia itakuwa chungu kupita kiasi. Pamoja nayo, gramu 25 za hopsi za vidonge zenye asidi alfa, kipimo cha uchungu wake, ya asilimia 6 au karibu na hapo (imeandikwa kwenye pakiti), na gramu 5 za hamira ya kveik. Shayiri yenyewe hulimwa hapa Kenya, Mau Narok na Timau kwa mfano, lakini huelekea kwenye viwanda vikubwa. Sharubati, hopsi na hamira utaagiza. Agiza zije kwa pamoja, na hopsi zikifika ziingie friza siku hiyohiyo, maana kwenye joto hugeuka kunuka jibini kuukuu. Kama hukupata hopsi, ngoja. Mwarobaini si badala yake, na aliyekwisha kuonja majani yake hahitaji maelezo.

Maji. Ya bomba ya Malindi hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na huwa yametiwa klorini. Klorini ikikutana na kimea na hamira hutoa ladha ya plasta ya kidonda, na huhitaji nyingi kuharibu ndoo nzima. Chemsha maji robo saa au yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha. Ya kisima usiyatumie. Mji umekaa juu ya mawe ya matumbawe, visima vingi vina chokaa, na vilivyo karibu na bahari vina chumvi. Mtungi wa maji ya kunywa wa lita 20 unatosha kabisa na unakuondolea wasiwasi.

Siku moja kabla, chemsha lita 5 na nusu za maji, yapoe yakiwa yamefunikwa, uyaweke kwenye friji katika vyombo safi. Haya ndiyo yatakayokupoza kesho.

Usafi una hatua mbili, na watu hufanya moja. Kwanza osha kwa sabuni na sifongo laini. Sitili ya kusugulia masufuria usiiguse ndoo ya plastiki, kwa sababu mikwaruzo ndiyo nyumba za bakteria. Baada ya kuosha ndipo unaua: dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, ile ya asilimia 3.5 hivi, mililita 20 kwa lita 4 za maji, vyombo vilowe dakika 20, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa mara mbili au tatu hadi harufu iishe. Usiichanganye na siki wala ndimu hata kidogo, hutoa gesi yenye sumu. Ndoo iwe ya chakula. Iliyokuwa ya rangi hata usiifikirie, na iliyokuwa ya mafuta ya kupikia mara nyingi haiachi harufu yake.

Siku ya kupika, chemsha lita 6 za maji. Zima moto kabisa, mimina kilo nusu ya sharubati, ukoroge hadi kijiko kisisikie kitu chini. Ukiimimina moto ukiwaka huzama na kuungua kwenye kitako, na bia yote itakuwa na ladha ya masizi. Washa tena. Sasa simama hapo hapo. Yakikaribia kuchemka, povu la kahawia litajikusanya juu, litatulia kidogo kama limechoka, halafu litapanda kwa sekunde chache na kumwagika jiko zima. Mkono uwe kwenye swichi ya gesi. Likishavunjika mara ya kwanza halisumbui sana.

Tia gramu 15 za hopsi na uanze kuhesabu dakika 60. Sufuria ibaki wazi muda wote; ukiifunika, mvuke unaobeba harufu ya mahindi yaliyochemshwa unarudi ndani. (Harufu ya kimea na hopsi hufika nyumba ya tatu. Kama majirani hawatumii, chagua saa ambayo haitawakera, na mwezi wa Ramadhani pumzika.) Dakika ya 50, zima moto, tia kilo moja ya sharubati iliyobaki, koroga vizuri, washa, kisha tia gramu 10 za hopsi zilizobaki pamoja na kijiko kimoja cha chai cha hamira ya mkate. Ndiyo, ya mkate: itakufa kwenye maji yanayochemka na kuwa chakula cha kveik, ambayo ikikosa lishe huchachua kwa kusuasua. Dakika 10 zaidi, zima.

Hapo una lita 5 hivi za maji ya kimea mazito. Funika, tumbukiza sufuria kwenye beseni la maji, badilisha maji yakipata moto. Barafu ya wauza samaki inafaa sana kutiwa nje ya sufuria. Ndani isiingie hata kipande. Yakifika digrii 60, yamimine kwenye ndoo iliyosafishwa, ukiyachuja, kisha ongeza yale maji ya friji hadi mstari wa lita 10. Lita 5 za digrii 60 na lita 5 za digrii 4 zinakupa digrii 32, ambayo ndiyo kveik inayoitaka. Kwa hamira ya kawaida ungelazimika kuendelea hadi 20, na hapo ndipo watu wengi huku hukata tamaa saa nne usiku.

Mimina kutoka juu, koroga kwa nguvu dakika chache upate povu, maana hamira inahitaji hewa mwanzoni. Hii ndiyo mara ya mwisho hewa inakaribishwa. Pima kwa haidromita na uandike: itakuwa karibu na 1.045. Nyunyiza hamira, funika. Kwenye kifuniko toboa tundu linalobana mpira mwembamba, ncha ya pili izame kwenye chupa ya soda yenye maji nusu. Gesi itatoka, hewa na vijinzi havitaingia. Vijinzi hivyo vya matunda, hasa msimu wa maembe, hubeba bakteria wa siki miguuni. Kimoja kikizama, ndoo inaweza kuwa siki.

Ndani ya saa 6 hadi 12 utasikia mapovu. Siku ya tatu au ya nne yatapungua, na hapo ndipo mkono utawasha. Uache. Hata kveik inahitaji siku za kujisafisha. Pima siku ya saba, pima tena siku ya kumi. Vipimo viwili vikiwa sawa, tuseme 1.011 na 1.011, imekwisha. Toa 1.011 kwenye 1.045, zidisha kwa 131, unapata kileo cha asilimia 4.5 hivi. Vipimo vikitofautiana, ngoja siku tatu nyingine. Vikiganda juu, kwenye 1.020 kwa mfano, pasha moto beseni kidogo, tikisa ndoo taratibu bila kuifungua, na usifunge chupa.

Harufu ya yai viza katikati ya wiki isikutishe, ni salfa ya hamira na hutoweka yenyewe. Ngozi nyeupe yenye mikunjo juu ya bia, au uchachu unaokaza taya, hiyo ni ajali ya usafi. Mwaga, na ndoo ibadilishe kazi.

Kwenye chupa, safari hii tumia za plastiki za soda za nusu lita, za rangi kama utazipata, kwa sababu mwanga huipa bia harufu mbaya. Zina faida ambayo kioo hakina: zikiwa laini ukizibinya, gesi bado, zikiwa ngumu kama mpya dukani, tayari, zikianza kuvimba kitako, fungua kidogo utoe gesi. Sukari usiigawe kwa kijiko. Pima gramu 60 kwa lita 9 na nusu utakazopata, zichemshe na nusu kikombe cha maji, zipoe, zimimine chini ya ndoo ya pili iliyosafishwa, kisha hamishia bia juu yake kwa mpira wa kufyonzea, ncha ikiwa chini ili isimwagike kwa kelele. Mashapo yaache. Jaza chupa ukiacha vidole viwili, binya utoe hewa, funga.

Wiki moja hadi mbili chumbani, sanduku likiwa na kifuniko, halafu friji siku tatu. Baada ya hapo zisirudi kwenye joto: bia iliyokaa miezi miwili kwenye digrii 30 huonja kama karatasi iliyoloa.

Mnazi badala ya hamira

Hapana, ingawa naelewa wazo lilikotoka. Maji ya mnazi yanachachuka yenyewe ndani ya saa chache tangu mgema ashushe kibuyu, kwa hiyo hamira imo. Lakini haimo peke yake. Mna bakteria wa uchachu wa maziwa, wa siki, na wengine wanaotengeneza kileo bila kuwa hamira. Kwenye mnazi unaonywewa siku hiyohiyo hao ndio ladha yenyewe. Kwenye bia itakayokaa wiki tatu watapata muda wa kumaliza kazi, na kazi yao ni siki. Tena huendelea kula sukari ambazo hamira ya bia haiziwezi, na tumerudi kwenye chupa zinazopasuka. Wengi huuliza pia kuhusu kimea cha wimbi cha sokoni. Ni kizuri kwa busaa, ila hupikwa kwa namna nyingine, kwa hiyo usikichanganye na maelezo haya hadi lita zako 10 za kwanza zitoke sawa.

Bia ya aina ya Tusker

Hiyo ni laga. Hamira yake hufanya kazi kati ya digrii 9 na 13, wiki mbili hivi, kisha bia hukaa karibu na sifuri wiki nne au zaidi hadi iwe kavu na angavu. Friji ya nyumbani yenye samaki na maziwa haifai: hukaa kwenye digrii 4, na hapo hamira ya laga inalala. Unahitaji friji ya pili, hata kuukuu, na kidhibiti joto cha nje ambacho huizima ikifika 12 na kuiwasha ikifika 13, kipimo chake kikiwa kimebandikwa ubavuni mwa ndoo chini ya kipande cha sponji ili kisome joto la bia na si la hewa ya friji. Na stima zikipotea zaidi ya nusu siku katika wiki ya kwanza, usifungue mlango, baridi iliyomo ndani ndiyo itakayokuvusha hadi zirudi.